Mhariri, tuandikieni waini ambazo msomaji anaweza kuzinunua

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa vyakula na vinywaji nausoma kila ukitoka na naupenda kweli, ila kuna kitu kinanikera na leo nimeona nikiseme. Kila mkiandika habari za waini mnatutajia chupa za majina makubwa makubwa, zile ambazo msomaji wa kawaida hata akizikuta dukani ataziangalia tu na kupita, halafu mnamalizia na ile sheria ya nyekundu kwa nyama nyeupe kwa samaki, basi, habari imeisha. Sasa huyo msomaji akienda dukani anasimama mbele ya shelfu zima la chupa, hajui ashike ipi, mwisho anachukua yenye lebo ya dhahabu au ile inayojaa mkononi kwa uzito. Hapo ndo pesa yake inapopotea, na sio kosa lake, hakuna aliyemwambia.

Kwanza tuambizane bei ya waini inatoka wapi. Ardhi ya sehemu zenye jina ni ghali, hiyo moja. Mapipa mapya ya mwaloni nayo ni ghali sana, na pipa la kawaida la Bordeaux ni lita 225 tu, yaani chupa kama 300 hivi. Chupa nene ya kioo kizito inagharimu zaidi kuitengeneza na kuisafirisha, na haiongezi hata tone moja la ladha. Halafu kuna jina lenyewe, na jina linalipiwa kila sehemu. Mwaka 1976 kule Paris, Steven Spurrier, mfanyabiashara wa waini Mwingereza, aliandaa shindano ambapo majaji Wafaransa wanaoijua waini vizuri kabisa walionja bila kuona lebo, na waliowapa nafasi ya kwanza ni Wamarekani, Chateau Montelena kwa nyeupe na Stag's Leap kwa nyekundu, wakati mezani kulikuwa na majina mazito ya Ufaransa. Kuna na utafiti wa California uliotoka 2008, watu waliwekwa kwenye mashine ya kupima ubongo wakapewa waini ile ile moja, mara wanaambiwa ni ya dola 10 mara wanaambiwa ni ya dola 90, na walipoambiwa ya dola 90 waliisifia zaidi, na hata ile sehemu ya ubongo inayohusika na raha ikachangamka zaidi. Kwa hiyo bei inakunywesha hata kabla ya waini yenyewe haijafika mdomoni.

Sisemi waini zote ni sawa, hapana. Ile ya bei ya chini kabisa mara nyingi imetengenezwa kwa haraka na utaisikia. Ila ukipanda ngazi moja mbili tu kutoka chini, hapo kuna mali ambayo watu wanaipita kila siku.

Njia ninayoiamini mimi ni kutafuta jirani wa jina kubwa. Unapenda Châteauneuf-du-Pape, ile ya bonde la mto Rhône Ufaransa, chukua Côtes du Rhône, zabibu ni zile zile za kina Grenache na Syrah na bonde ni lile lile. Barolo ya Italia iko mbali na mfuko wako, kuna jirani yake Langhe Nebbiolo, zabibu ni ile ile Nebbiolo. Sancerre nyeupe ya Ufaransa ni zabibu ya Sauvignon Blanc, na ukienda Touraine kwenye mto huo huo wa Loire unaipata zabibu hiyo hiyo kwa pesa kidogo. Wanaopenda mapovu wajue Cava ya Hispania na zile Crémant za Ufaransa zinatengenezwa kwa njia ile ile ya Champagne, yaani waini inachachuka mara ya pili ndani ya chupa yake, tofauti kubwa ni sehemu na zabibu na hilo jina. Na Chenin Blanc ya Afrika Kusini, jamani, hiyo ndo zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko zote nchini kwao, ina ukali mzuri wa kuamsha mate, inaendana na vyakula vingi kuliko Chardonnay nyingi za bei mara mbili yake, na bado mtu anaikuta hapo kwenye shelfu anaiacha.

Dukani kwenyewe angalia chupa kabla ya lebo. Imekaa dirishani au chini ya taa kali? Iache, mwanga na joto vinaiua waini, hasa ikiwa kwenye chupa ya kioo cheupe. Koki, yaani kile kizibo cha gome, imesukumwa juu kidogo kupita mdomo wa chupa? Hiyo imepigwa joto, iache pia. Kisha mwaka. Nyeupe na rozee (zile za rangi ya waridi) za bei nafuu zinatengenezwa zinywewe zikiwa changa, mwaka mmoja au miwili tangu mavuno, kwa hiyo ukikuta ya miaka mitano imepunguzwa bei usifurahi haraka. Hapa kumbuka kwamba nchi za kusini mwa ikweta wanavuna kama Februari hadi Aprili na wa kaskazini kuanzia Agosti hadi Oktoba, kwa hiyo chupa mbili zenye mwaka mmoja zinaweza kupishana nusu mwaka. Kifuniko cha kuzungusha kisikutishe, wazalishaji wa Riesling, waini nyeupe, wa Clare Valley kule Australia walikubaliana kukitumia mwaka 2000 kwa sababu walichoka na koki mbovu zinazoipa waini harufu ya boksi lililoloa. Na lile neno Reserva unaloliona kwenye lebo, likiwa kwenye nyekundu ya Hispania lina sheria nyuma yake, lazima ikae miaka 3 kabla ya kuuzwa na angalau mmoja kati ya hiyo iwe ndani ya pipa, lakini Reserve ya Marekani sheria ya nchi haijaiwekea masharti yoyote, mtu anaandika anavyopenda.

Jambo jingine, geuza chupa usome jina la aliyeiingiza nchini. Ukipenda waini mbili za mwagizaji mmoja, ya tatu yake ijaribu bila woga, maana kuna mtu nyuma yake mwenye ulimi unaofanana na wako.

Sasa tuje kwenye chakula, na hapa ndo nataka mnisikilize zaidi, maana ile sheria yenu ya rangi inawapoteza watu. Kinachoamua sio rangi ya nyama, ni chumvi, mafuta, ukali wa limau au siki, sukari, na pilipili. Mtu asiyeamini afanye jaribio hili jikoni kwake leo leo. Chukua nyekundu kavu, yaani isiyo na utamu wa sukari, na iwe ile inayokausha mdomo kama chai iliyokolea majani, piga funda moja usikie inavyokwangua. Kisha kata kipande cha limau, kipake chumvi, kilambe vizuri, halafu rudi kwenye glasi ile ile. Utakuta waini imelainika, tunda limejitokeza, ule uchungu umepungua, na hujabadilisha chochote zaidi ya ulimi wako. Chumvi inazima uchungu, na asidi ya chakula inaufanya ulimi usione asidi ya waini. Ndo maana waini ambayo ukiionja yenyewe unaiona kali inaweza kuwa tamu kabisa pembeni ya sahani yenye chumvi na limau, na ile laini uliyoisifia bila chakula ikaonekana imepooza kama maji.

Kule kukausha mdomo ni tanini, inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na inashikana na protini za kwenye mate. Ukila nyama ya ng'ombe iliyochomwa yenye mafuta yake, tanini inapata kitu kingine cha kushika na mdomo wako unabaki salama. Kwa hiyo nyekundu nzito na nyama nono ni sawa, hapo sheria yenu iko sahihi. Ila samaki hana tatizo na rangi. Watafiti wa Japani mwaka 2009 walionyesha kwamba kinacholeta ile shombo mbaya mdomoni ukinywa nyekundu na vyakula vya baharini ni madini ya chuma yaliyomo kwenye waini, na kiasi chake kinatofautiana chupa hadi chupa. Nyekundu nyepesi isiyo na tanini nyingi, mfano Beaujolais, ambayo ni zabibu ya Gamay, ukiipooza kidogo kwenye friji inakaa vizuri kabisa na samaki mnono wa kuchoma. (Gamay hiyo hiyo Philip the Bold, mtawala wa Burgundy, aliamuru ing'olewe mwaka 1395 akiiona haifai, na leo ndo inayowaokoa watu wenye bajeti ndogo.)

Chakula cha mafuta, cha kukaanga, kinataka asidi au mapovu ya kuusafisha mdomo, na hapo Cava kavu inafanya kazi kuliko nyekundu yoyote ya bei kubwa. Pilipili ndo inayoumiza watu, maana mtu anachukua nyekundu ya asilimia 14 au 15 akidhani chakula kikali kinataka waini kali, alkoholi inauzidisha ule moto na tanini inaongeza, jioni nzima imeharibika. Tafuta yenye alkoholi ndogo na utamu kidogo, Riesling za Ujerumani zilizoandikwa Kabinett nyingi zina asilimia 8 hadi 10 tu. Kwenye vitu vitamu waini iwe tamu kuliko chakula, la sivyo itageuka chachu.

Na joto lake, hili linaharibu chupa nyingi nzuri kuliko kitu kingine. Watu wameambiwa nyekundu inywewe kwa joto la chumba, chumba chenyewe kina digrii 28, waini inabaki inanuka alkoholi tu. Nyekundu inataka 16 hadi 18, nyepesi hata 13, kwa hiyo iingie kwanza ndani ya friji kabla ya kula. Nyeupe nayo ikitoka baridi sana kama barafu husikii ladha, itoe dakika kumi kabla. Hii haigharimu chochote.

Ombi langu kwenu ni hili. Kila wiki chukueni chupa moja ambayo iko madukani, ya bei ambayo msomaji wenu wa kawaida anaweza kuitoa bila kujinyima, muionje na chakula, sio peke yake, halafu mtuandikie ni zabibu gani, ya mwaka gani, ina alkoholi kiasi gani, imekaa vipi na chumvi na mafuta na pilipili, na kama haikukaa vizuri na kitu fulani semeni pia, msiipambe. Mkianza na Chenin Blanc nitashukuru.

Msomaji wenu