Barua kwa Mwanangu Anayerudia Nyanya za Kwenye Ndoo

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, nimefurahi kusikia unataka kurudia kupanda nyanya huko jangwani. Umeniuliza kama zile ndoo na mifuko uliyoiacha pembeni bado inafaa, na kama ipo mbegu inayostahimili joto kuliko ile ya kwanza. Nitakujibu yote mawili, ila kwanza tuelewane jambo moja: miche yako haikushindwa kwa kiu. Ulikuwa unaimwagilia vizuri, ikarefuka, ikachanua maua tele, kisha maua yakapukutika na wewe ukaanza kujilaumu. Acha kujilaumu. Maua yalifunguka wakati wa joto kali, na hapo hakuna maji wala mbolea ya kuyaokoa.

Nyanya inapenda joto, lakini ina kikomo chake. Mchana ukizidi nyuzi 35 hivi, na usiku ukawa haushuki chini ya nyuzi 24, chavua inaharibika. Ua linafunguka, linapendeza machoni, lakini halishiki tunda. Siku chache baadaye kikonyo chake kinageuka njano pale kwenye kifundo, ukikigusa tu kinaachia. Watu wengi wanaangalia joto la mchana peke yake. Mimi nakwambia uangalie la usiku. Mchana unaweza kuutilia kivuli, usiku huna la kuufanya, hasa kama vyombo viko uani kati ya kuta na sakafu ya saruji iliyoshiba jua kutwa nzima. Jangwa la wazi hupoa usiku. Ua wa saruji unaweza kukaa na joto lake hadi alfajiri.

Kwa hiyo usiniulize upande tarehe gani. Tafuta kwanza ni wiki gani mchana wa huko uliko unaanza kuzidi nyuzi 35 bila kurudi nyuma, halafu uhesabu kutoka hapo kwenda nyuma. Kutoka ua kushika hadi tunda kuiva ni wiki sita hadi nane. Kutoka kusia mbegu hadi mche kuwa tayari kuhamishwa, wiki sita hadi nane nyingine. Katikati yake weka wiki tatu au nne za mche kushika mizizi na kuanza kuchanua. Ukijumlisha utaona mbegu inaingia kwenye udongo kipindi cha baridi, wakati majirani hawafikirii bustani kabisa. Sia ndani ya nyumba, mahali penye mwanga mwingi, na miche itoke nje usiku unapoacha kushuka chini ya nyuzi 10. Tunda lililokwisha shika linavumilia joto likiwa na kivuli. Ua ndilo lisilovumilia, kwa hiyo shindano lako lote ni la maua kuwahi.

Kuna msimu wa pili. Unasia mbegu joto likiwa kali bado, kivulini au ndani, unahamisha miche joto linapoanza kuvunjika, na maua yanakutana na usiku unaopoa. Msimu huo ni mzuri, ila nzi weupe wanakuwa wengi na baridi inakukimbiza kutoka upande wa pili, kwa sababu usiku ukishuka sana maua yanagoma tena. Anza na ule wa kwanza. Na kama utashawishika kuibakisha miche ya msimu wa kwanza kiangazi chote, uikate, uimwagilie, ungoje ichanue tena, inawezekana, wapo wanaofanya. Mimi siipendi njia hiyo. Unanywesha majani miezi yote ya jua kali, na wadudu wanapata pa kukaa hadi msimu ujao. Ng'oa, uanze na miche michanga.

Sasa vyombo. Bonyeza ukingo wa kila ndoo kwa kidole gumba. Ukisikia unalia na kutoa ufa, itupe, jua limekwisha kuila plastiki na itapasuka ikijaa udongo uliolowa. Zilizobaki zitazame rangi na ukubwa. Chini ya lita 20 usipande nyanya, na kwa zile zinazorefuka bila kukoma ningependa lita 40. Si kwamba mizizi inahitaji kujinafasi tu. Udongo mwingi unachelewa kupata joto na unachelewa kukauka, na joto na ukavu ndivyo vinavyoua nyanya ya kwenye chombo.

Ndoo nyeusi usizitupe, ila usiziache uchi. Siku moja alasiri weka kiganja upande wa ndoo unaotazama magharibi, kisha ingiza kidole kwenye udongo wa upande huohuo, karibu kabisa na plastiki. Utakitoa haraka. Udongo wa hapo unaweza kupita nyuzi 50 wakati ule wa katikati una nafuu. Ukija kung'oa mmea kwenye ndoo kama hiyo na kuligeuza lile bonge, utaona mwenyewe: upande wa mashariki mizizi ni myeupe na imeshonana, upande wa magharibi ni ya kahawia, michache, ukiivuta inakatika. Mmea wa namna hiyo unanywa kwa nusu ya mizizi yake, nawe unazidi kuujaza maji ukidhani una kiu.

Ndiyo maana nasema chombo kitiwe kivuli kabla ya mmea. Tumbukiza ndoo nyeusi ndani ya nyingine kubwa zaidi yenye rangi nyeupe, ukiacha nafasi ya hewa katikati. Au izungushie kitambaa cheupe, au simamisha ubao upande wa magharibi. Vyombo vikae pamoja vikitiliana kivuli, na vile vifupi, hata kama vina mboga nyingine, vitangulie mbele vikinge vya nyanya. Chini weka vipande vya mbao ili ndoo isikalie saruji, na maji yapate pa kutokea. Ile mifuko ya kitambaa ina faida yake, maana maji yanayovukizwa ubavuni yanaipoza, lakini inakunywa sana, na upepo mkavu unaweza kuimaliza kabla ya adhuhuri. Kama asubuhi huna muda, itumie kwa mboga nyingine.

Udongo uliobaki ndani ni habari nyingine. Umekaa muda mrefu bila maji, kwa hiyo utayakataa maji kama unyoya wa bata. Ukimwagia juu, yanapita pembeni na kutoka chini papo hapo, unafurahi umelowesha kumbe katikati ni vumbi. Loweka chombo kizima kwenye beseni kubwa hadi mapovu yaache kupanda. Kama juu kuna ukoko mweupe, huo ni chumvi iliyoachwa na maji ya kumwagilia. Ukwangue, kisha pitisha maji mengi mara kadhaa yatoke chini. Baadaye changanya na mboji mpya na makumbi ya nazi yaliyosagwa, iwe nusu kwa nusu na ule wa zamani. Ukikuta mizizi ya zamani ina vinundu vinundu, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyoshambulia mizizi. Udongo huo usiutumie kwa nyanya tena, utoe. Na usijaze chombo udongo mtupu wa kuchimba ardhini, unagandamana na kuinyima mizizi hewa.

Ukihamisha mche, uzamishe. Ondoa majani ya chini, fukia shina hadi karibu na majani ya juu, maana shina la nyanya lililofukiwa linatoa mizizi. Mizizi ikiwa chini zaidi inakuwa mbali na jua. Juu tandaza nyasi kavu, unene wa sentimita tano au zaidi, bila kuzigusisha shina.

Maji mwagilia asubuhi na mapema, mengi, hadi yatoke chini. Kipimo cha kikombe kwa kila ndoo kisahau. Maji ya maeneo ya jangwa mara nyingi yana chumvi, na ukimwagilia kidogo kidogo mmea unachukua maji na kukuachia chumvi, hadi ncha za majani zinaungua. Yale yanayotoka chini ndiyo yanayoisomba. Joto likishika kweli utarudi tena jioni. Jambo moja dogo linalosahaulika: mpira wa maji uliolala juani una maji ya kuunguza ndani yake. Yaache yatoke kwanza, uyakinge kwenye ndoo tupu yapoe, ndipo uelekeze mpira kwenye mizizi.

Saa saba mchana utakuta majani yamenyong'onyea. Usikimbilie maji. Ingiza kidole hadi kifundo cha pili. Ukikuta unyevu, mmea unapumzika tu na jua likishuka utasimama wenyewe. Ukiuona umelala vilevile alfajiri, hapo una kiu au mizizi inaumwa. Majani kujikunja kwenda juu wakati wa joto nako ni kujikinga, mradi ni ya kijani na mmea unaendelea kukua. Lakini machipukizi ya juu yakidumaa, yakawa madogo, yamekunjamana na kingo zake zimegeuka njano, hivyo ni virusi vinavyoletwa na nzi weupe. Havina dawa. Ng'oa mche huo siku hiyohiyo, hata kama una maua.

Utitiri ndio adui mwingine wa hali ya ukavu. Majani yanapata vitone vya njano, yanafifia, na ukiyageuza unaona utando mwembamba. Rusha maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi, siku kadhaa mfululizo, na fanya hivyo mapema, kwa sababu joto linawazidisha haraka sana.

Tunda likianza kuwa jeusi kitakoni, utaambiwa uweke maganda ya mayai. Yaweke ukipenda, hayana ubaya, ila yanaoza polepole mno kukusaidia msimu huo. Kuoza kitako kunatokana na tunda kukosa kalisi, yaani kalsiamu, na kwenye ndoo mara nyingi kalisi ipo udongoni ila haifiki, kwa sababu leo udongo umekauka kabisa na kesho umefurika. Rekebisha mpangilio wa maji na matunda yanayofuata yatatoka mazima. Mbolea nayo usiizidishe, hasa ile yenye naitrojeni nyingi, utapata majani ya kujivunia na maua ya kuhesabu.

Neti ya kivuli nunua ile inayozuia asilimia 30 hadi 50 ya mwanga. Inayozidi hapo inafanya mmea urefuke na kuwa dhaifu. Ifunge juu na upande wa magharibi, jua la asubuhi liingie bila kizuizi. Usiyapunguze majani kiangazi kinapokaribia, maana tunda lililoachwa wazi linababuka, linapata doa jeupe kama karatasi na hapo linaozea. Maua yakiwa yamefunguka, tikisa shina taratibu kabla jua halijawa kali, hasa kama nyuki hawafiki uani kwako. Chavua ya nyanya inashuka ndani ya ua hilohilo, inahitaji mtikiso tu.

Kuhusu mbegu. Ndiyo, zipo zilizozalishwa zishike matunda kwenye joto, kama Heatmaster, nazo zinakuongezea nafuu kidogo, ila hazibadilishi kalenda. Mimi ningekushauri nyanya ndogo ndogo zinazoiva kwa vichala, kwa sababu joto linapopanda zinaendelea kushika matunda baada ya zile kubwa kugoma. Ukitaka za kupikia, Roma ni fupi na inazaa kwa mkupuo mmoja, jambo linalofaa msimu ukiwa mfupi. Zile kubwa za kukata vipande vinene, ambazo najua ndizo unazozitamani, zinachelewa mno. Panda mche mmoja kwa kujifurahisha, usiutegemee.

Mbegu ulizobaki nazo usizitupe kabla hujazijaribu. Mbegu ya nyanya ikikaa pakavu na pasipo joto inadumu miaka minne, hata zaidi, ila kama ilikuwa kwenye kabati la nje sina imani nayo. Weka mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi, kiwe mahali penye joto la nyuzi 25 hivi, na baada ya wiki moja au siku kumi uzihesabu. Zikiota saba na kuendelea, sia. Zikiwa chini ya nusu, nunua mpya, kwani ukigundua hilo wakati wa kuhamisha miche utakuwa umechelewa msimu mzima.

Mwisho ni kuvuna, na hapa usingoje wekundu shambani. Joto likizidi nyuzi 30 tunda linaacha kutengeneza ile rangi yake nyekundu, linabaki la machungwa au njano hata likilainika. Chuma pale rangi inapoanza kujitokeza kitakoni, weka ndani ya nyumba kwenye nyuzi 20 hadi 25, si kwenye jokofu, na zitaiva vizuri kuliko zile ulizoziacha juani. Ndege nao utakuwa umewawahi.

Niandikie zimeota ngapi kati ya kumi, na unieleze ukuta wa uani unapata jua hadi saa ngapi, ili tuone neti ifungwe wapi.

Mama yako.