Fantasia si porojo za watoto

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu aliyeziita hadithi za fantasia, yaani za uchawi na nchi za kubuni, "porojo za watoto". Nimefundisha fasihi hadi nikastaafu, na kauli hiyo imenikera.

Fantasia ina masharti. Uchawi lazima uwe na mipaka na umgharimu anayeutumia. Shujaa akiweza lolote, msomaji anapiga miayo. Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi inayoelea angani, ni fantasia tupu, lakini nani huisoma asione siasa? Mwaka 2004 filamu ya fantasia The Return of the King ilizoa tuzo 11 za Oscar, na wanaopigia kura tuzo hizo si watoto.

Mwandishi wenu angelalamikia tamthilia za televisheni zinazopachika joka kila mahali bila sababu, ningemuunga mkono.

Mwalimu mstaafu