Waliochuma pamba hawamo kwenye picha

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa sanaa kuhusu New Orleans, mji wa kusini mwa Marekani, imenigusa, maana niliishi mji huo miaka minne. Mwandishi ameusifu kwa roshani zake za chuma, maua yanayoning'inia na matarumbeta ya barabarani. Vyote vipo. Ila hivyo ndivyo mji unavyochorwa siku zote, na kuna watu hawaonekani humo.

Tazameni picha aliyoichora Mfaransa Edgar Degas mwaka 1873, ndani ya ofisi ya pamba ya mjomba wake, Michel Musson. Mama yake Degas alikuwa mzaliwa wa New Orleans. Mjomba amekaa mbele, kofia ndefu kichwani, anaivuta pamba kwa vidole kupima ubora wake. Nyuma yake René, mdogo wake Degas, anasoma gazeti, miguu kainyoosha. Mezani pamba imetandazwa, nyeupe pe. Ni picha nzuri mno, sina ubishi. Wanaume 14 wamo, lakini kati ya walioilima na kuichuma pamba ile hayumo hata mmoja, na ilikuwa miaka minane tu tangu utumwa ukomeshwe. Tena damu ya Afrika ilikuwa ndani ya ukoo wao. Norbert Rillieux, mhandisi mzaliwa wa New Orleans aliyebuni mtambo wa kuchemshia maji ya miwa ambao watengeneza sukari wanamshukuru hadi leo, alikuwa binamu wa mama yake Degas, na mama yake Rillieux alikuwa na asili ya Afrika.

Mpiga picha Robert Frank, Mswisi, alipita hapo 1955. Yeye alinasa tramu tu, madirisha yake yamepangana: Wazungu mbele, Weusi nyuma, kama sheria ilivyoamuru. Mwanamume Mweusi ameegemeza mikono dirishani, anakutazama usoni. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi na bado siwezi kuyapita haraka macho yale.

Tamthilia nyingi za televisheni zinautaka mji kwa ajili ya makaburi, uchawi na maiti. Tamthilia ya Treme, iliyoonyeshwa na HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, kuanzia 2010 hadi 2013, ilithubutu kuukalia mji wenyewe. Inaanza miezi mitatu baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, pale kuta za kuzuia maji zilipobomoka na karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa. Wanamuziki wa hapo walicheza kwa majina yao, na kamera iliwaacha wamalize wimbo. Kuna mzee ambaye nyumba yake imeharibiwa na maji, naye bado anashona shanga na manyoya ya vazi lake la Mardi Gras, sikukuu ya kanivali kabla ya Kwaresima.

Namwomba mwandishi wenu, akienda tena, asiishie mtaa wa watalii. Atembee kidogo hadi Claiborne Avenue. Hapo palikuwa na safu za mialoni, familia za Weusi zikikaa na kula chini yake sikukuu ya Mardi Gras. Miti hiyo ilikatwa mwaka 1966, ikajengwa barabara kuu ya juu. Leo kwenye nguzo za zege wachoraji wamechora mialoni. Nilisimama pale Jumapili moja. Malori yalikuwa yakinguruma juu, na chini mvulana alikuwa akijifunza tarumbeta, mgongo kauegemeza kwenye mwaloni wa rangi.

Msomaji wenu,
Tanga