Kwa vijana wa Nairobi mnaoutafuta ubunge 2027

Wanangu,

Mmeanza mapema. Mabango yenu yamepanda nguzo za stima Kayole hadi Kawangware, na kila Jumamosi mko harambee au matangani, bahasha mkononi. Kabla hamjaizoea njia hiyo, nisikilizeni mimi mzee wenu.

Kifungu cha 95 cha Katiba ya 2010 kimetaja kazi ya Bunge la Taifa: kuwakilisha watu, kutunga sheria, kugawa fedha za taifa na kufuatilia zinavyotumika, na kuwamulika walio serikalini. Kulipia watu hospitali hakumo. Mtaniuliza: mama akibisha alfajiri na barua ya karo ya mwanawe, nimfukuze? La hasha. Mkaribishe, mpe kiti, umwambie ukweli kwamba basari ni fedha za umma, ina fomu na kamati yake, wala haitoki mfukoni mwa mheshimiwa. Ukizoea kugawa elfu mbili mlangoni kila siku, mshahara hautatosha, na wa kukujazia pengo ni yule mwenye mswada anaotaka upite. Hapo umeshauzwa, na mama yule pamoja nawe.

Kazi yenyewe haina makofi. Ni kukaa kamatini na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu mbele yako, ukurasa baada ya ukurasa, ukiuliza dawa zilizolipiwa ziko wapi, na ukijibiwa ovyo unauliza tena. Ni kukaa ukumbini pia. Bunge lina wabunge 349, lakini wakifika 50 tu akidi imetimia. Wewe ukiwa matangani, wachache hao wanawaamulia watu wa Mathare.

Tarehe 25 Juni 2024 mliiona wenyewe. Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106 huku vijana wenzenu wakiwa barabarani, na wengine hawakurudi nyumbani. Maoni ya wananchi yalikuwa yamekusanywa, kama Katiba inavyodai. Kukusanya na kusikia ni mambo mawili, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Basi nendeni mkaketi roshani ya umma pale bungeni, mtazame. Someni Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, mjue mbunge wenu wa sasa aliuliza nini na lini. Mkija kwangu Jericho kuomba kura, bahasha iacheni. Nitawauliza ni mswada upi mmeusoma wote, na mngeubadilisha wapi.