Pweza wa mikono minane

Lynn, Massachusetts
Novemba 3

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza kubisha hodi. Najua umenuna. Wiki sita kimya, na salamu zako zote nimezilalia. Nisamehe, somo. Oktoba ya fundi wa nguo za kujigeuza ni kama kumi la mwisho la Ramadhani kwako wewe: kila mtu anataka nguo yake iwe tayari kabla ya nguo ya jirani, na hakuna anayekumbuka kwamba fundi naye hulala.

Duka ninaloshonea liko Salem, mbele kidogo ya hapa kwa treni. Ndio mji ule wa kesi za uchawi za 1692, walipotiwa kitanzi watu 19. Leo uchawi huo huo ndio unaowalisha. Hata magari ya polisi yana nembo ya mchawi kapanda ufagio. Kwetu ungo, kwao ufagio, safari ni ile ile. Ikifika Halloween, tarehe 31, njia hazipitiki, utadhani Forodhani usiku wa sikukuu, na kila mmoja kajigeuza kitu. Usianze kuniuliza kama nasherehekea. Mimi nashona.

Basi mwishoni mwa Septemba akaja bibi mmoja, mwalimu wa sayansi, mrefu, mwembamba, miwani kaifunga kamba shingoni. Wateja wengi huchukua kilichotundikwa wakaenda zao. Yeye akasema anataka kuwa pweza. Siyo pweza wa kuchekesha watoto, la, pweza hasa, mikono minane, na yote isogee. Tajiri wangu akanitazama. Mimi nilivyosikia pweza nikajiona niko Jambiani, bamvua, maji yametoka, kina mama wako mwambani na vijiti vyao. Nikasema nitashona. Nikajipalia makaa mwenyewe, kama pweza huyo huyo.

Mikono miwili Mungu kashampa. Sita ilikuwa juu yangu.

Kwanza nilimwambia avae sweta lake la baridi ndipo nimpime. Usiku wa Oktoba huku si wa kutembea na nguo moja, na nimeona watoto wengi wameshonewa nguo nzuri kisha mama zao wanawavika makoti juu, kazi yote ikafichwa. Hapo nilijiona hodari. Halafu nikafanya ujinga. Minyiri sita, ndiyo hiyo mikono ya pweza, niliijaza mabaki ya vitambaa, kama tulivyokuwa tukijaza mito ya baraza. Siku ya kujaribisha, bibi wa watu akavaa, akasimama dakika mbili, mabega yakamshuka kama mchukuzi wa bandarini. Hakulalamika. Akauliza kwa upole kama pweza anaruhusiwa kukaa kitako. Nikafumua yote sita usiku ule, huku nikijisema peke yangu, nikajaza ile pamba ya plastiki ya mito, nyepesi kama povu. Na kosa la kwanza lenyewe halikuwa kwenye hayo mabaki tu. Nilikuwa nimeishonea minyiri kwenye gauni, kwa hiyo kila mkono ukivuta, gauni zima linakwenda upande. Dawa yake ni kizibao cha ndani, kilichobana kiwiliwili, chenye mikanda mipana mabegani kama ya shanta. Minyiri inashikizwa kwenye kizibao, gauni linapita juu na kuachiwa matundu.

Kizibao chenyewe nimekikata kwa marekani. Ngoja nikuambie jambo, somo. Siku zote tunasema marekani, marekani, kitambaa cha kukatia sampuli na cha sanda, hatuulizi. Basi majahazi makubwa yaliyokuwa yakileta kitambaa hicho Unguja enzi za Seyyid Said, mengi yalitoka bandari ya hapa hapa Salem, na pamba ikifumwa viwanda vya jimbo hili. Yakirudi yanapakia pembe na sandarusi. Hata balozi wa kwanza wa Marekani pale kwetu, aliyefika 1837, alikuwa mfanyabiashara wa Salem. Nilikuwa nimekaa na mkasi mkononi, nakata marekani mjini kwake. Nilicheka peke yangu mpaka tajiri akaja kuchungulia.

Sasa siri ya kusogea, uishike, maana utaletewa kazi ya mahafali ya chekechea siku moja. Ni mshipi. Huu huu wa kuvulia, ule mwangavu usioonekana. Mkono wake wa kweli umo ndani ya mnyiri wa juu, kiganja kinatokea kwenye mpasuko. Kutoka hapo unafunga mshipi mpaka mnyiri wa pili, wa pili mpaka wa tatu, wa tatu mpaka wa nne, sehemu mbili kila mmoja, penye kiwiko na karibu na ncha. Akiinua mkono, mingine mitatu inafuata, mmoja baada ya mwingine. Usiukaze. Ukiukaza inanyanyuka kwa mpigo kama askari gwaride. Ukiacha inchi saba nane inaelea, unaapa iko majini. Na ncha zisipite goti, kwa sababu huku ngazi za nyumba zinapangwa maboga yaliyochongwa sura, mengine yana mshumaa wa kweli ndani.

Kitambaa nilichagua kile ambacho mtande wake, nyuzi za urefu, rangi moja na mshindio, nyuzi za upana, rangi nyingine, kahawia na zambarau, ukigeuka kinageuka nawe. Pweza si hubadilika rangi? Vile vikombe vyake vya kunyonyea ndivyo vilivyoniua. Picha aliyokuja nayo ilikuwa na safu moja. Nikamwambia, mama, mimi nimekula pweza tangu sijaota meno, safu ni mbili. Akafurahi kama kapewa zawadi. Kila kimoja ni kiduara cha kitambaa, unapitisha uzi pembeni, unavuta, kinajikunja kikombe. Vikubwa begani, vinapungua mpaka vya ncha ni kama punje ya mtama. Nikakumbuka vitobo vya kofia na marehemu bibi yako akitupiga kofi la mkono kila tulipokwenda mbio. Sikwenda mbio, somo. Lakini macho yangu si yale.

Mwisho akaniomba kitu ambacho hakuna atakayekiona: mioyo mitatu midogo, ndani, upande wa kushoto. Pweza ana mioyo mitatu, kumbe. Nikamshonea kwa uzi wa buluu, kwa kuwa aliniambia damu yake ni ya buluu. Sikumtoza.

Siku yenyewe nilitoka kazini saa moja usiku nikapita mtaani kwake. Alikuwa kakaa ngazini, bakuli la peremende mapajani. Akaja mtoto wa miaka kama mitatu, kavikwa boga. Bibi akamnyooshea peremende, na mikono yote ikamwendea. Mtoto akarudi nyuma hatua mbili, akatazama. Kisha akaja, akaushika mnyiri wa tatu, ule wa pamba, akautikisa kwa heshima zote kama anaamkia mzee. Bibi akaniona ng'ambo ya njia, akanipungia minne kwa pamoja.

Vipande vilivyobaki nimekutilia kwenye kifurushi, vinatosha kilemba cha bwana harusi. Nawe nitumie uzi wa kofia, ule mweupe wa zamani, vibunda viwili. Wa huku unakatika. Mwambie mama nitampigia Ijumaa.

Somo yako