Kicheko cha kubandika kimemponza mchekeshaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nieleze masikitiko yangu kuhusu onyesho lililorekodiwa la mchekeshaji mmoja wa jukwaani, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa lawama zangu haziishii kwake peke yake, na kwa kuwa bado namhesabu miongoni mwa wachekeshaji wetu wazuri. Onyesho hilo lilitangazwa kwa mbwembwe nyingi, likauzwa mtandaoni, nasi wapenzi wake tukalilipia kwa simu kabla halijatoka. Tulichoambulia ni kelele.

Kwa wasiomfahamu, umahiri wa mchekeshaji huyu uko katika kunyamaza. Nilibahatika kumwona ukumbini hapa Dar es Salaam akisimulia kikao cha harusi, pale mwenyekiti wa kamati anapomtaka mweka hazina asome michango iliyokwisha kuingia. Alishika daftari lisilokuwepo, akalamba kidole, akafunua ukurasa wa kwanza, akaguna, akafunua wa pili, kisha akauinua kwenye mwanga wa taa kana kwamba fedha zimejificha nyuma ya karatasi, na muda wote huo hakutamka neno. Kicheko kilianzia kona moja ya ukumbi kikasambaa taratibu, kwa sababu kila aliyewahi kuahidi laki moja akatoa elfu ishirini alijiona humo daftarini. Alipofungua mdomo na kusema, "Kwanza tumshukuru Mungu," watu walikuwa hoi tayari.

Kisa hicho hicho kimo katika rekodi, lakini waliohariri picha wamezikata kurasa zote. Daftari linafunguliwa, Mungu anashukuriwa papo hapo, halafu kinasukumwa kicheko kikubwa ambacho hakifanani hata kidogo na nyuso tunazoonyeshwa. Mama mmoja mwenye kilemba cha njano analetwa kila baada ya muda akipiga makofi kwa namna ile ile, na ukimtazama vizuri utaona glasi yake ya juisi iko nusu, baadaye imejaa, kisha imerudi nusu. Yaani hata wale waliokuwepo ukumbini siku ile, wakacheka kwa hiari yao, vicheko vyao vimehamishwa na kupachikwa kwenye vichekesho wasivyovichekea.

Najua kicheko cha kubandika hakikuanzia kwetu. Huko Marekani, Charles Douglass, fundi sauti aliyefanya kazi katika kituo cha CBS, alitengeneza miaka ya 1950 mashine maalumu ya kuongeza vicheko katika vipindi vya televisheni, na vingi kati ya hivyo vilirekodiwa studio bila watazamaji. Walau wao walikuwa na kisingizio cha viti vitupu. Mtu aliyejaza ukumbi mzima kwa viingilio anaazima kicheko cha nini?

Wala nisiambiwe kwamba kamera haiwezi kuvumilia ukimya. Richard Pryor, mchekeshaji wa jukwaani wa Marekani, katika filamu ya onyesho lake iliyotoka 1979, anaonekana jukwaani akitoka jasho mpaka shati linalowa, na kamera inamwachia nafasi ya kugeuka mnyama, mtoto au mzee bila kumkatiza. Hapa nyumbani tulikuwa na marehemu Mzee Majuto, aliyefariki 2018, ambaye hakuwa mchekeshaji wa maikrofoni bali mwigizaji, lakini aliweza kukodoa macho tu, filamu ikasimama, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Jambo la pili lililoniudhi ni namna utani wa makabila ulivyoshughulikiwa. Utani ni mali yetu ya siku nyingi. Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana hata msibani bila mtu kuchukia, kwa kuwa anayetaniwa anayo haki ya kurudishia, tena kwa ukali zaidi. Ukumbini mchekeshaji wetu aliliheshimu hilo. Alipomaliza kuiga lafudhi ya Wasukuma, aliuliza kama wapo humo ndani, na bwana mmoja akasimama akamjibu kwa mkato uliomfanya yeye mwenyewe achuchumae kwa kucheka. Ilikuwa sehemu tamu kuliko zote usiku ule. Kwenye rekodi lafudhi imebaki, lakini swali na jibu vimeondolewa, na kilichokuwa utani kinasikika sasa kama kejeli ya mtu anayesema peke yake akiwa na kipaza sauti.

Nafahamu kwamba waandaaji wanahofia watazamaji wa siku hizi, wenye mazoea ya vipande vifupi vya kwenye simu, kwamba wakiona sekunde kadhaa zimepita bila neno watahama. Hofu hiyo inaeleweka kwa kipande cha kutangazia onyesho. Haieleweki kwa kazi ambayo mtu amekwisha kuilipia, akaketi sebuleni na familia yake kuitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ninachowaomba mchekeshaji na waandaaji wake ni kitu kimoja. Kama rekodi halisi ya usiku ule bado wanayo, waitoe kama ilivyo, kurasa za daftari zikiwemo pamoja na yule bwana Msukuma, na sisi tuliokwisha kulipa wasitutoze tena.

Msomaji wako,
Dar es Salaam