Wifi yangu asema nampeleka mtoto thelujini kujionyesha

Shangazi, shikamoo.

Saa kumi za usiku huku Munich na sijapata hata lepe la usingizi. Hoteli ya milimani Austria, tunakotaka kurudi na watoto kuteleza thelujini, inataka jibu Ijumaa adhuhuri. Nikinyamaza chumba kinapewa wengine, na wiki ya likizo ya Februari vyumba vya familia huwahiwa miezi kabla.

Wifi yangu aliandika kwenye kundi la ukoo kwamba namtesa mtoto wa kaka yake kwa kujionyesha. Kujionyesha, Shangazi! Ukoo mzima ukasoma, na mume wangu akasoma, akanyamaza.

Hebu nikueleze, uone kama hii ni kazi ya mtu wa kujionyesha. Mwaka jana tulikwenda Serfaus, kwenye milima ya Tirol, Austria. Nilikichagua kijiji kile kwa sababu wakati wa baridi magari ya wageni hayazunguki ndani yake. Kuna kireli cha chini ya ardhi tangu 1985, hakilipiwi, kinawatoa watu maegeshoni hadi kwenye magari ya kebo yanayopanda mlimani. Mwenye watoto wawili, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 2, ataelewa: mbao za skii, zile za kutelezea thelujini, begani, buti mkononi, mdogo kalala mgongoni, na chini barafu tupu. Ukija kwa treni unashukia Landeck-Zams, unapanda basi.

Hoteli niliiuliza kila kitu kwa maandishi kabla sijalipa. Kwanza umri wa kupokelewa chumba cha kulelea watoto, maana nyingi huanza miaka 3, na hapo ndipo watu wanapokwama: mkubwa yuko skii, mdogo kabaki chumbani na mama kutwa. Pili chakula. Kule nyama ya nguruwe ya moshi huingia kwenye supu, kwenye viazi, hadi ndani ya madonge ya mkate. Kusema tu "hatuli nguruwe" hakutoshi. Uliza na mchuzi umetengenezwa kwa mifupa gani, na zabibu za kitamutamu zimerowekwa ramu au hazikurowekwa. Tatu bwawa. Upande wa familia watu huvaa, lakini sauna ya wakubwa ni uchi, wake kwa waume pamoja. Na nguo ya kuogelea ya kufunika mwili, wengine wanaikubali wengine hawaitaki, kwa hiyo jibu lao nimelihifadhi. Mtu wa kujionyesha anauliza haya?

Sasa ile video iliyomfanya wifi yangu aandike. Asubuhi ya kwanza skuli ya skii, mtoto yuko juu ya mkanda unaowapandisha wanaoanza, analia. Mume wangu akaituma kwenye kundi. Watoto wengi hulia siku ya kwanza, na walimu huwaomba wazazi waondoke kwenye uzio, kwani mtoto akimwona mama kilio huzidi. Lakini huyu wangu alikuwa na maumivu ya kweli. Jioni nilipomvua buti nilikuta alama nyekundu imekata muundi, nyembamba kama uzi. Alivalishwa soksi mbili, ya pili imejikunja ndani ya buti.

Shangazi, soksi ni moja tu, nyembamba, ndefu kufika chini ya goti. Mbili hazileti joto: zinabana mguu, damu haipiti vizuri, vidole vinaganda. Suruali ya ndani nayo isiingie butini, iishie juu yake. Mimi najua haya. Asubuhi ile sikumvisha mimi. Nilikuwa na mdogo. Alimvisha baba yake.

Na wifi yangu hajui mpaka leo.

Hata nywele nilimsuka mistari iliyolala, kwa sababu helmeti ya kukodi haiingii juu ya rasta nene, na ikikalia juu juu haimkingi. Mbao tulikodi, zimfike kifuani, na uzito wake nilisema wa kweli, maana kifungo kinachoshika buti kwenye ubao hupimwa kwa uzito pia: kikikaza kupita kiasi mtoto akianguka mguu hauachii, unaweza kuvunjika. Bima ya kuokolewa mlimani nililipa mbali, kwa kuwa bima yetu ya kawaida ya Ujerumani kwa kawaida hailipi helikopta ya kuokoa mtu mlimani huko Austria, na helikopta ni maelfu ya yuro. Siku ya tatu mtoto alikuwa akishuka mwenyewe huku anacheka. Hiyo haikupigwa video.

Sasa mwaka huu wifi yangu anataka kuja na sisi, na watoto wake wawili. Kaka yake kesha mkubalia bila kuniuliza. Mimi simtaki. Kukaa naye meza moja siku saba, kila mtoto akipiga chafya anitazame mimi! Ila nimeshaulizia vyumba viwili vyenye mlango katikati, na chakula kisicho nguruwe cha watu saba, na buti za saizi 39, ambayo ndiyo saizi yake. Watoto wake hawajawahi kuona theluji, na hao hawana kosa. Nikikataa atasema nilitaka kwenda peke yangu nikajionyeshe.

Sitaki aniombe radhi. Au labda nataka, sijui. Ninachotaka kukuuliza ni hili: je, ni haki nimwambie mume wangu aandike kwenye kundi lile lile, mbele ya wale wale, kwamba soksi zile alivalisha yeye? Au nitakuwa namvunjia heshima mbele ya ndugu zake? Mama yangu aliniambia siri ya nyumba haitoki nje, lakini hii yangu ilishatoka, tena nusu yake tu.

Nikimwambia leo atasema nakuza mambo kwa sababu ya soksi. Nisipomwambia, itabidi nilipe amana ya vyumba viwili huku neno lile limenikaa kooni.

Nijibu kabla ya Ijumaa, Shangazi, kama waweza.

Mama wa wawili, Munich